Ingobyi Isiyo na Pointi

Epiphanie alikuwa na kichwa kigumu, na hilo hata mwenyewe hakulikana. Mwaka ule wa elfu mbili na tatu, Bujumbura ilipokuwa ikiamka kila siku na kuulizana kwanza milio ya jana ilitoka upande gani, yeye alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya kubuni michezo ya kompyuta. Michezo, jamani! Mama yake mdogo, Consolate, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, hakujua awaambie nini wenzake wa kwaya. Wengine walikuwa na mtoto muuguzi, mtoto mwalimu, mtoto wa benki. Yeye alikuwa na binti mwenye digrii ya hesabu ambaye anashinda akichora vijitu vinavyotembea.

"Sema tu nasomea ordinateri, kompyuta hizi," Epiphanie alimshauri.

"Nidanganye kanisani, mutoto yangu?"

Chuo chenyewe kilikuwa Ulaya na masomo yalikuja kwa intaneti. Epiphanie aliyapokea katika kafe ya Marcellin, Mkongo wa Uvira aliyepanga chumba karibu na soko kuu na kukijaza kompyuta kuukuu. Makubaliano yao yalikuwa rahisi. Epiphanie awaangalie wateja na kuzifufua mashine zinapogoma, na Marcellin amwachie kona ya nyuma afanye mambo yake. Katika kona ile alijiundia kompyuta kutokana na mizoga ya nyingine, skrini ya hapa, nyaya za kule, mpaka ikawaka. Marcellin alitangaza mbele ya wateja kwamba mashine ya kona ni ya Epiphanie, na atakayeigusa watakutana.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na michezo miwili, na hapo ndipo ugumu wa kichwa chake ulipoonekana. Sheria ya chuo ilisema kwamba mchezo wowote mwanafunzi atakaoukabidhi kwa ajili ya shahada utakuwa mali ya chuo. Waubadilishe, wauuze, wautupe, shauri yao. Wenzake wa Ulaya hawakuona tatizo. Epiphanie aliliona mara moja, kwa sababu alikuwa na mchezo aliouanza kabla hata ya kukijua chuo, na mchezo huo aliupenda kuliko alivyoipenda shahada.

Aliuita Ingobyi. Wa huku tunaijua ingobyi: ile machela ya kusuka, mgonjwa analazwa ndani, inafungwa kwenye miti miwili na kubebwa mabegani na watu wanne mpaka hospitali. Mwanamume akikutana nayo njiani haendelei na safari yake. Anageuka, anaingiza bega, anampumzisha aliyechoka. Mama mzazi wa Epiphanie aliwahi kushushwa hivyo kutoka mlimani, Epiphanie akiwa mtoto anayekimbia pembeni, na mabega yaliyombeba hakuyajua na mpaka leo hayajui. Mama alipona, akaishi miaka mingine mizuri kabla ya vita. Basi katika mchezo wake hakuna anayempiga mtu risasi. Kuna mgonjwa, kuna njia, kuna mabega. Alitaka uwe wa bure, mtoto yeyote wa mji huu aucheze bila kumwomba mtu wa Ulaya ruhusa.

"Huu siwapi," alisema. "Nitawatengenezea mwingine."

"Michezo mbili, kichwa moja," Marcellin alimcheka. "Na umeme nusu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa ajili ya chuo alianza mchezo wa mashindano ya magari, unaong'aa kama bati jipya na hauna roho hata kidogo. Mwisho wa Agosti ndiyo ilikuwa siku ya kuukabidhi. Umeme ukiwepo asubuhi alikazana na magari, mchana akirudi kwenye Ingobyi, na umeme ukikatika alitoa penseli akachora vijitu kwenye mgongo wa karatasi za matangazo. Kibwebwe alikuwa amekifunga kweli kweli. Akapungua, macho yakamwiva, Consolate akaanza kumwekea chakula na kusimama mlangoni mpaka amalize sahani.

Lakini lilikuwepo jambo moja lililomkosesha raha, nalo halikuhusu umeme. Ingobyi ilikuwa mbovu. Ilitembea vizuri, picha zilipendeza, lakini ilikuwa mbovu, na yeye ndiye aliyejua. Alikuwa amempa kila mbebaji pointi kwa kila kipande cha njia, maana darasani walifundishwa kwamba mchezaji lazima aone faida yake. Basi vijana wa kafe walipoujaribu, walikimbilia kushika mti, wakavuna pointi, na kipande kile kilipokwisha wakamtua mgonjwa katikati ya njia wakaenda kumtafuta mwingine. Mgonjwa akabaki kwenye vumbi, blanketi limemfunika, na wao wanashangilia!

Alimwandikia msimamizi wake wa chuoni, ambaye alikuwa ameonyeshwa Ingobyi kama rafiki tu. Jibu lilikuja haraka. Ongeza pointi, alisema msimamizi. Mchezaji asipojua anapata nini, kwa nini abebe mtu asiyemjua? Epiphanie aliongeza pointi. Vijana wakazidi kumtupa mgonjwa.

Ikaja Julai, na mabomu yakaanza kuangukia mitaa ya kusini. Watu wa huko waliingia mjini na magodoro vichwani, maduka yakafungwa, mabasi yakaacha kutembea. Marcellin alikuwa mtu wa mizaha, lakini vita alishavikimbia kwao na hakutaka kungoja vingine. Alimtuma mtu amwite Epiphanie kutoka Kinama, mtaa wa kaskazini alikokaa na Consolate.

"Keshi... apana, kesho asubui mashini zangu zinapanda mashua ya Kigoma," alimwambia, ulimi ukimteleza kwa haraka. "Mwenye nyumba anataka funguo leo. Ya kona ni ya kwako, ibebe. Lakini ni leo, dada. Mi sitakuwa na mahali pa kuiweka."

Bila mashine ile hakuna magari, hakuna shahada, hakuna Ingobyi. Na skrini za siku zile, nyinyi mnaozikumbuka, zilikuwa na kisogo kama cha ng'ombe. Teksi hazikutaka kwenda kaskazini. Kuanzia sokoni hadi Kinama ni mbali kwa mguu, na amri ya kutotoka nje ingeanza giza likiingia.

Ni Consolate, aliyekuwa amemsindikiza, aliyepata akili. Watu wa mtaa wao walitoka milimani na ingobyi ya mtaa walikuwa nayo, imening'inizwa nyumbani kwa jirani yao Télesphore, fundi seremala. Consolate alirudi kumfuata Télesphore, Télesphore akaishusha bila maneno mengi, wakafika nayo kafe mchana jua likiwa kali. Wakailaza skrini, wakalaza na kasha la kompyuta ubavuni pake, wakavizungushia vitenge visigongane. Halafu Consolate akavua blanketi alilojifunga na kuvifunika vyote, gubigubi.

"Ya nini blanketi, mama?" Epiphanie aliuliza.

"Askari akiona televisheni ataitaka. Akiona blanketi, ataona blanketi."

Waliinua. Mbele Marcellin na Télesphore, nyuma Epiphanie na Consolate. Na hapo, wapendwa, hakuna hata mmoja kati yao aliyefikiria lile ambalo mtoto yeyote wa Burundi angelifikiria. Wanawake wawili chini ya miti ya ingobyi! Mwanamume gani atapita akitazama?

Hawajafika mbali, kijana mmoja mwenye begi la shule aliacha njia yake akaja kumtoa Consolate. Mwingine, baba mzima aliyevaa koti, akampokea Epiphanie. Bibi mmoja aliyekaa juu ya godoro lake kando ya barabara aliinuka akaipigia ingobyi ishara ya msalaba na kuomba kwa Kirundi, machozi yakimtoka. Epiphanie alifumbua mdomo aseme. Consolate akakohoa kikohozi kile cha kwaya, cha kumnyamazisha anayeanza kabla ya wakati. Epiphanie akafumba.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kupaza sauti: jamani, ni skrini! Lakini alifikiri pia kwamba akisema wataondoka, na wakiondoka hawafiki, na wasipofika kila kitu kimekwisha. Akanyamaza, na kila hatua aliyonyamaza ilimwia nzito kuliko mti wenyewe.

Karibu na njia ya kuingilia Buyenzi walikutana na mtu mpana, ana mabega ya gunia, anatembea haraka karibu kukimbia. Aliwapita. Akasimama. Akarudi, akamtoa Marcellin mbele bila kuomba.

"Ildephonse, wa bandarini," alijitambulisha akitembea. "Munampeleka wapi?"

"Kinama," Télesphore alijibu, akitazama mbele tu.

"Na we ulikuwa unaenda wapi, papa?" Epiphanie aliuliza, naye alijuta kuuliza kabla hajamaliza.

"Hapa hapa Buyenzi. Mi ni mutu wa Kibenga, kule kusini, tulikimbia asubui. Batu banasema bibi na batoto bako kwa dada yake. Sijabaona bado." Akarekebisha mti begani. "Nitabaona. Mugonjwa kwanza."

Ee Mungu wangu. Epiphanie alijitazama miguu akaendelea kutembea. Kwenye daraja la mto Ntahangwa Marcellin aliwaaga, maana mashine zake zilikuwa zimebaki peke yake, akamshika Epiphanie mkono kwa nguvu na kuondoka. Waliobaki wakaendelea, kijana wa begi, baba wa koti, Télesphore na Ildephonse, na wanawake wawili pembeni kama wafiwa. Jua likaanza kushuka.

Kizuizi cha askari kilikuwa mbele ya mitaa ya kaskazini, gogo na mawe barabarani. Askari mmoja aliizunguka ingobyi.

"Anaumwa nini?"

Akainama karibu na blanketi.

"Mgonjwa gani huyu, hata kukohoa hakohoi?" Akalishika blanketi akalivuta.

Kioo cheusi cha skrini kikawatazama wote, kimefungwa kitenge kichwani kama mama wa arusi. Halafu askari akacheka, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mgonjwa wenu ana kichwa kikubwa!"

Lakini waliobeba hawakucheka. Kijana wa begi aliutoa mti begani, na Epiphanie akawahi kuudaka. Baba wa koti alishusha wake polepole akasema neno la Kirundi ambalo sitalirudia hapa, akamtazama Consolate wa kwaya toka juu mpaka chini, akaondoka. Kijana akamfuata. Ildephonse alikuwa bado ameshika mti. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Sijaona batoto yangu tangu asubui," alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Nimebaacha, nimebeba sanduku."

"Nisamehe, papa." Epiphanie alikuwa akilia waziwazi, kamasi na vyote. "Si mama, ni mimi. Ningesema pale pale. Niliogopa mtaondoka."

"Iko nini hiyo?"

Angeweza kusema ni mashine ya shule, ikaishia hapo. Akasema kweli yote. Alimwambia kwamba ndani yake kuna mchezo, na ndani ya mchezo kuna mgonjwa na ingobyi na watu wanne, kama wao, na njia ndefu. Alisema haraka, askari naye akiwa amekunja mikono anasikiliza. Ildephonse alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana.

"Na anafika?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mugonjwa. Anafika hospitali?"

Epiphanie alijifuta pua. "Bado. Wanamtua njiani."

Ildephonse alitazama kule alikotoka, kusini, ambako moshi ulikuwa bado juu. Alitazama jua. Alisonya, sonyo refu la mtu aliyechoshwa na dunia, akauweka mti vizuri begani.

"Mi nilishaingiza bega," alisema kwa hasira. "Tuende, giza inaingia."

Askari akalisukuma gogo pembeni kwa buti. Hakucheka tena. Wakaingia kaskazini wanaume wawili mbele, wanawake wawili nyuma, mpaka uani kwa Consolate. Epiphanie alitembea akiwa na mgongo ule mpana mbele yake, akitazama jinsi unavyopanda na kushuka. Mtu yule hapati chochote. Amedanganywa, amekasirika, familia yake iko upande mwingine wa mji, na anabeba. Na mimi, alijiambia, nimekaa miezi nikimpimia pointi. Mjinga mimi! Nilibebewa mama yangu, halafu nikaenda kuandika kwamba walilipwa!

Usiku ule Ildephonse hakuweza kurudi kwa sababu ya amri, akalala kwa Télesphore. Alfajiri alikuwa keshaondoka. Epiphanie alikimbia mpaka barabarani na mandazi kwenye kitambaa, hakumkuta, akarudi nayo.

Kuanzia hapo alifanya kazi kama mtu aliyetishiwa. Mashine iliwekwa chumbani karibu na kitanda. Kwanza alifuta pointi zote. Alifuta na tarumbeta ya ushindi, na lile bango la pongezi. Sasa mchezaji anaanza njiani, ana safari yake mwenyewe, kuna nyumba yenye taa mahali fulani na watu wanamngoja. Anakutana na ingobyi. Akipita, hakuna anayemwadhibu. Akiingiza bega, anasikia miguu na pumzi za wenzake, jua linashuka, nyumba yenye taa inazidi kuwa mbali. Kwenye lango la hospitali mgonjwa anapokelewa akiwa ndani ya blanketi lake. Hafunuliwi. Mbebaji anarudi alikokuwa, amechelewa.

Consolate alipojaribu, alibeba mpaka langoni, akaenda jikoni. Epiphanie alimsikia akipenga pua.

Msimamizi aliuona pia, na barua yake ilikuwa ya kuwasha masikio. Alisema hajaona kazi kama hii kwa mwanafunzi yeyote. Alitaka Epiphanie aachane na magari, akabidhi Ingobyi, na alama ya juu kabisa ni yake, labda na nafasi ya kazi huko huko Ulaya. Aliomba kitu kimoja tu. Arudishe zawadi mwishoni, hata ndogo, nyota moja tu, kwa sababu mchezaji akimaliza atauliza nimepata nini, na mchezo lazima uwe na jibu.

Wewe ungefanyaje? Ulaya ile, bila mabomu, umeme siku nzima! Epiphanie aliisoma barua hiyo katika kafe nyingine mjini, foleni ya watu ikimngoja nyuma, na sitakuficha, alitamani. Alitamani mpaka mate yakamkauka. Aliwaza kulala mahali ambako mabomu hayatikisi madirisha. Aliwaza chumba chenye mashine mpya. Kisha akawaza nyota ile moja ikimeremeta juu ya kichwa cha Ildephonse pale kizuizini.

Alijibu kwa heshima kwamba Ingobyi haimo katika shahada na haitakuwemo. Akarudi Kinama kwa mguu, akakaa mbele ya magari yasiyo na roho, na Agosti yote akayasukuma mpaka mwisho, umeme upende usipende. Aliyakabidhi kwa wakati. Chuo kilimpa shahada yake, alama za kupita tu, pamoja na maneno makavu kwamba mradi hauna jipya. Consolate aliikumbatia karatasi hiyo kama mjukuu. Epiphanie alicheka, akala sahani nzima bila kusimamiwa.

Jumapili moja baada ya misa, mtu mpana alisimama mlangoni mwa ua, shati limepigwa pasi. Consolate alimtambua kwanza, akakimbilia kumtafutia kiti.

"Karibu, papa Ildephonse. Batoto?"

"Bako. Bazima bote." Alikaa, akapokea kinywaji, akazungusha kofia mikononi. Akamgeukia Epiphanie kama mtu anayeuliza habari za jirani. "Mi nilikuja kuangalia ule mugonjwa wetu. Alifika?"

Umeme ulikuwepo, kwa bahati. Epiphanie alimkalisha mbele ya skrini na kumwonyesha namna ya kusogeza kipanya. Vidole vilivyozoea magunia vilikishika kidude kile kwa woga, kama yai. Kijitu chake kikaanza kutembea kuelekea nyumba yenye taa. Ingobyi ikatokea kwenye kona. Ildephonse hakusita hata kidogo, akaingiza bega.

Alibeba njia nzima, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Nyumba yenye taa ikabaki nyuma. Giza likaingia kwenye skrini. Lango la hospitali likafunguka, blanketi likaingia, lango likafungwa, na kijitu chake kikajikuta njiani peke yake.

Ildephonse alingoja. Hakuna kilichotokea.

"Imeisha?"

"Imeisha, papa."

Alikuna kidevu. "Sasa mi nimepata nini?"

Hilo hasa ndilo swali lililomgharimu Ulaya, na sasa limetoka kwenye kinywa hiki, si kingine. Angeweza kumwelezea mengi. Alisoma miaka kwa ajili ya kuyaeleza.

"Hakuna kitu, papa," alisema.

Ildephonse alikitazama kile kijitu kilichosimama gizani, mbali na nyumba yake. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali maneno ya mtu anayemfahamu vizuri.

"Ni vile vile kama siku ile," alisema. Akavuta kiti karibu. "Nianzishie tena."